"Nitakutagi, Usijali": Kistari Kimoja Kilivyomkosesha Fundi Jina la Gauni la Staa

Wadau, mjini kuna malipo ambayo hayapiti benki wala kwenye simu. Yanaitwa "nitakutagi". Staa anataka gauni la kuvaa usiku wa tuzo, fundi anataka jina. Basi wanakubaliana: gauni bure, ila picha ikipanda, jina la fundi litakaa kwenye kapsheni ili mashabiki wamfuate. Mpiga picha analipwa hivyo. Msusi analipwa hivyo. Mpambaji, muuza viatu, hata anayeazimisha gari la kupigia video, wote wamewahi kuambiwa kwa sauti tamu: "Usijali mpenzi, nitakutagi."

Tatizo ni kwamba malipo haya hayahesabiwi na mtu. Yanahesabiwa na apu. Na apu haijui kusoma.

Hilo alilijua kwa maumivu fundi mmoja wa kike wa Kinondoni, jina limehifadhiwa. Ni dada mwenye cherehani 3, vijana 2 wa kumsaidia, na akaunti ya Instagram yenye wafuasi elfu chache aliowapata mmoja mmoja, kwa kuposti nguo za harusi, za sendoofu na za kitchen party miaka nenda rudi. Siku moja staa wa kike wa Bongo Fleva, naye jina limehifadhiwa na msianze kubahatisha, akamfuata inboksi. Anataka gauni la zulia jekundu. Hela hana kwa sasa, ila atamtagi.

Fundi akakopa kwenye kikoba. Akanunua lesi ya maana na shanga, akakesha siku 4 anazishona kwa mkono moja baada ya nyingine. Gauni likatoka la kumfanya mtu ageuke mara mbili. Staa akalivaa, akang'ara, na usiku uleule picha zikapanda. Kapsheni iliandikwa na meneja wake, na jina la fundi lilikuwepo mstari wa kwanza.

Fundi akachomeka simu kwenye chaji, akaunga bando la wiki. "Leo hii simu italia mpaka ipate moto," akawaambia vijana wake.

Simu haikulia.

Ilipofika asubuhi alikuwa amepata wafuasi 6, wawili kati yao ni shangazi yake na binti wa jirani. Chini ya picha ya staa, komenti zilikuwa zinamiminika: "Nani kashona hili gauni?" "Fundi yuko wapi jamani?" "Mbona fundi hajibu inboksi?" Hiyo ya mwisho ilimchoma. Yeye inboksi yake ilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu.

KUMBE INBOKSI ILIYOJAA NI YA MTU MWINGINE

Jina la biashara la fundi huyu ni maneno mawili yaliyounganishwa kwa kistari cha chini, kile kinacholala sakafuni. Meneja, kwa haraka zake, aliandika kistari cha kati, kile kinachoelea katikati ya maneno. Tofauti yake kwa macho ni ndogo kiasi kwamba hata mwenyewe fundi aliisoma ile kapsheni mara kumi asione kitu.

Lakini apu iliona. Kwenye Instagram jina la akaunti linaruhusiwa kuwa na herufi, tarakimu, nukta na kistari cha chini. Kistari cha kati hakimo. Kwa hiyo apu ilipofika kwenye kile kistari, ikaamua kwamba jina limeishia hapo. Ikachukua neno la kwanza peke yake, ikalipaka bluu, ikaliunganisha na akaunti yenye jina hilo.

Na akaunti hiyo ipo. Ni ya kaka mmoja wa mkoani anayeuza spea za pikipiki.

Kaka wa watu aliamka akakuta mamia ya wafuasi wapya, wengi wao wadada, wakimwuliza bei ya gauni la lesi. Hakuwa tapeli. Hakuchukua hela ya mtu. Ila pia hakuona sababu ya kufukuza neema. Aliposti picha ya cheni na sproketi akaandika "Karibuni sana, mzigo mpya umeingia."

Fundi alipompigia meneja, mazungumzo hayakwenda vizuri.

"Dada'angu, si nimeshakutagi? Angalia vizuri, limewaka bluu kabisa."

"Limewaka nusu, kaka. Nusu ya pili nyeusi."

"Sasa dada, mimi nina mambo mangapi leo? Jina lako lipo, watu wanaliona. Usinivunjie heshima kwa kistari."

Meneja hakuwa na nia mbaya. Kwa macho ya binadamu jina lilikuwepo, na yeyote aliyesoma kapsheni angeweza kulitafuta mwenyewe. Lakini nani mjini hapa anatafuta? Watu wanabonyeza. Kinachobonyezeka ndicho kilichopo, kisichobonyezeka ni pambo tu.

APU HAISOMI, INAKATA

Jioni ile alipita mdogo wake, mtoto wa mama yake mdogo, kijana wa mwaka wa mwisho chuoni anayetengeneza apu ya kuwakutanisha mafundi na wateja kama mradi wake wa kumalizia masomo. Alikuja kula wali maharage wa bure kama kawaida yake. Akaitazama ile kapsheni sekunde tatu, akacheka. Kisha akauona uso wa dada yake, akaacha kucheka.

"Dada, hapa hujatagiwa."

"Jina langu si hilo hapo?"

"Wewe unaliona. Apu haijaliona." Akachukua chaki ya fundi na kipande cha kitambaa kilichobaki, akaandika ile kapsheni. "Apu haisomi, dada. Inakata. Kama wewe na mkasi wako."

Akamwonyesha. Apu inatembea kutoka kushoto, herufi moja baada ya nyingine. Ikikutana na @, inafungua mkasi na kuanza kukusanya herufi zinazoruhusiwa kwenye jina. Ikikutana na kitu kisichoruhusiwa, iwe nafasi, koma, kistari cha kati au emoji, inafunga mkasi. Kilichonaswa katikati ndilo jina. Linapakwa bluu, na mwenye jina hilo anapelekewa taarifa. Apu haiulizi kama ndiye aliyekusudiwa.

Na kila apu ina mkasi wake. Twitter, ambayo sasa inaitwa X, inaruhusu jina la herufi zisizozidi 15, na nukta haimo. Instagram inafika 30, na nukta imo. Maana yake mtu mwenye nukta katikati ya jina lake Instagram, ukimtaja kule X kwa kunakili ileile, anakatwa kwenye nukta, na nusu iliyobaki huenda ni jina la mtu mwingine kabisa. Meneja anayeandika kapsheni moja na kuibandika kwenye apu zote anacheza bahati nasibu kwa jasho la wengine.

"Na ukiacha nafasi kati ya @ na jina?" fundi akauliza.

"Mkasi unafunguka, unakuta hakuna kitu, unafungwa. Hakuna tagi."

"Na barua pepe je? Si nayo ina @?"

Kijana akatabasamu, maana hilo swali lilimchukua wiki nzima. Alama ya @ kwenye barua pepe ni ya tangu 1971, ilipotumiwa na Mmarekani Ray Tomlinson kutenganisha jina la mtu na kompyuta yake. Mitandao ya kijamii imeikuta imezeeka. Kwa hiyo apu yenye akili haitazami tu kinachofuata baada ya @, inageuka pia kutazama kilichotangulia. Kama kuna herufi imegusana nayo kwa nyuma, basi hiyo ni anwani ya barua pepe, iachwe. Toleo la kwanza la apu ya kijana halikugeuka nyuma. Kila mteja aliyeandika barua pepe yake kwenye oda, apu ilimtagi mtu asiyehusika.

ALAMA YA RELI NAYO INA VITUKO VYAKE

Kama @ inamwita mtu, alama ya reli inaita mkutano. Wazo la kuitumia Twitter lilitolewa na Chris Messina tarehe 23 Agosti 2007, alipopendekeza watu waweke # mbele ya neno ili mazungumzo ya kundi moja yakae pamoja. Wakati ule ilikuwa ni maandishi matupu, haibonyezeki. Twitter ilianza kuzigeuza hashitagi kuwa viungo vya kubonyeza mwaka 2009, na hapo ndipo kazi ya mkasi ilipoanza: neno linaanzia wapi na kuishia wapi?

Kanuni ya kawaida ni kwamba nafasi inakata, alama za uandishi zinakata, tarakimu zinaruhusiwa. Kwenye X tarakimu tupu hazikubaliki, lazima kuwe na herufi ndani. Ndiyo maana vijana wa Kenya walipoandika #RejectFinanceBill2024, ule mwaka uliokaa mwishoni ulikwenda bila shida, lakini mtu akiandika #2024 peke yake kule X, hapati kiungo.

Kwa sababu nafasi zinakata, watu wanabananisha maneno. Na maneno yakibanana, macho ya binadamu nayo yanaanza kukata yanavyotaka. Mwaka 2012 timu ya mwimbaji wa Uingereza, Susan Boyle, ilitangaza sherehe ya albamu yake kwa #susanalbumparty. Wajuao Kiingereza waligawanya herufi zile mahali pengine wakapata sherehe ya aina nyingine kabisa, na dunia ikacheka. Hapo mtumiwe tu mkasi wenu wenyewe.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Aprili 2013, alifariki Waziri Mkuu wa zamani wa Uingereza, Margaret Thatcher. Ikazuka hashitagi #nowthatchersdead, iliyokusudiwa kusema kwamba Thatcher sasa amekufa. Mashabiki wa mwanamuziki Cher wakaikata mapema, wakasoma kwamba Cher ndiye aliyekufa, na vilio vikaanza mtandaoni. Cher yupo mzima. Kilichokosekana ni nafasi mbili tatu, herufi kubwa, na ile alama ndogo inayoning'inia juu, ambayo darasani tuliambiwa inaitwa ritifaa. Hashitagi haina nafasi, na ritifaa haiikubali. Herufi kubwa peke yake ndiyo ingeweza kuokoa, kwa sababu apu haijali ukubwa wa herufi lakini macho ya watu yanajali.

NA SISI TUNAOANDIKA NG' TUFANYEJE?

Hapa ndipo fundi alipokaa kimya. Maana yeye hashitagi yake, aliyoitumia kwa miaka 3 chini ya kila nguo, ilikuwa #kung'ara.

Akafungua simu, akaibonyeza kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Hakufika kwenye magauni. Alifika kwenye #kung, akakutana na sinema za ngumi za Kichina.

Ritifaa ilikuwa imekata. Kazi zote zile, sare za maharusi, mashela, suti za watoto, zilikuwa zimepangwa kwenye chumba cha watu wasiomjua wala kumhitaji. Na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumwambia, maana kila aliyesoma alisoma "kung'ara" vizuri tu.

Hili si lake peke yake. Jaribu kuandika #Chang'ombe kwenye apu kubwa, unabaki na #Chang. Lang'ata ya Nairobi inabaki #Lang. Kaunti ya Murang'a inabaki #Murang. Nyang'hwale ya Geita inabaki #Nyang. Kwa waliotengeneza mikasi hii, ritifaa ni alama ya pembeni, kitu cha kuonyesha umiliki kwenye Kiingereza. Kwetu ni sehemu ya sauti. Ukiiondoa, "ng'oa" si "ngoa" tena, na ng'ombe anakosa pua ya kutamkia.

"Si niiandike tu bila hiyo ritifaa?" fundi akasema.

Wengi wanafanya hivyo, na kwa Chang'ombe inakubalika, kila mtu anaelewa #Changombe. Lakini neno lake la pili alilopenda, ng'ara, likivuliwa ritifaa linakuwa Ngara. Na Ngara ni wilaya kule Kagera, na ni mtaa maarufu Nairobi. Angetoka kwenye ngumi za Kichina akaingia kwenye picha za viwanja vya Kagera na mitumba ya Nairobi.

Kwenye apu yake ndogo, kijana aliamua kuupinda mkasi ukubali ritifaa. Ilimtoa jasho. Jaribio la kwanza aliruhusu ritifaa popote, na hapohapo mtu aliyeandika hashitagi ndani ya alama za kunukuu akajikuta amebeba na alama ya kufungia. Jaribio la pili aliiruhusu baada ya "ng" tu. Likaingia #king's la Kiingereza, nalo lina "ng" kabla ya ritifaa. Jaribio la tatu akatazama pia kinachofuata: kwenye maneno yetu na majina ya kwetu, baada ya ng' huja irabu, au "w", au "h" kama kwenye Nyang'hwale. Haiji "s". Akaandika kanuni hiyo, ikakubali.

Kwenye simu yake. Alipompa dada yake ajaribu kwenye iPhone, ikakata tena.

Ilibidi atafute usiku kucha. Kumbe ritifaa ziko mbili. Kuna iliyosimama wima, na kuna iliyojikunja kama koma. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti zenye namba tofauti, na iPhone kwa kawaida hukupa iliyojikunja bila kukuuliza. Akaziruhusu zote mbili na kuiambia apu izihesabu kuwa moja, ili mwenye iPhone na mwenye Tecno wakutane chumba kimoja.

Sasa ukutani kwake amebandika karatasi ya majaribio. Kabla hajatoa toleo jipya, anayapitisha maneno yote: Chang'ombe, Lang'ata, Murang'a, Nyang'hwale, king's, barua pepe moja, jina lenye nukta mwishoni mwa sentensi, na kistari cha kati. Hicho cha mwisho amekipigia mstari mwekundu. Kwenye apu yake, ukiandika jina likaishia kwenye kistari cha kati, inakuuliza kabla hujaposti: "Ulimaanisha huyu?" na kukuonyesha picha ya mwenye akaunti. Meneja wa staa angeonyeshwa sproketi, angeshtuka.

HESABU ILIPOFIKA

Kapsheni ilirekebishwa siku ya tatu, baada ya staa mwenyewe kusikia na kutuma ujumbe wa sauti: "Mamaa, nisamehe sana, mimi hata sikujua." Ilisaidia kidogo. Zilikuja oda 4. Lakini mjini siku ya tatu ni karne. Watu walikuwa wameshahamia kwenye ugomvi mwingine, na kurasa za udaku zilizonakili picha usiku ule zilinakili na kistari kilekile. Zipo hivyo mpaka leo, zikimpelekea wateja kaka wa spea. Mkopo wa kikoba fundi aliulipa kwa kushona sare za shule.

Hajaacha kuwashonea mastaa. Amebadilisha masharti. Nusu ya bei inalipwa taslimu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kapsheni anaituma yeye mwenyewe, meneja anainakili kama ilivyo. Na anataka tagi ya pili juu ya picha yenyewe, kwa sababu pale unachagua akaunti kutoka kwenye orodha, huandiki, hivyo hakuna cha kukatwa. Wapo mastaa walionuna. Mmoja alimwambia anajisikia. Mwingine alilipa bila neno, na siku ya shughuli akapiga simu kuuliza kama tagi imefika.

Kwa wanaotagi wenzao kila siku, tena kwa nia njema kabisa, kazi ni ya sekunde 5. Ukianza kuandika jina, lichague kwenye orodha inayotokea, usilimalizie kwa kichwa. Ukishaposti, libonyeze uone linakupeleka kwa nani. Ukiona bluu imeishia katikati ya jina, ujue mtu wako hajafikiwa. Asante yako imeenda kwa jirani, na yeye yuko mahali fulani anaitazama simu, anajiuliza amekukosea nini.

Haya wadau: ushawahi kuambiwa "nitakutagi" halafu tagi ikaenda kwa mtu mwingine? Na huyu fundi, kudai hela taslimu kwa staa ni kujisikia au ni kujitambua? Shusheni komenti hapo chini. Mkitaja majina ya watu, mtafutwa. Mkiyataja, angalau yaandikeni vizuri.